Debe Yuko Juu

Jumatatu, 11 Machi 1996

Nimerudi kazini leo. Uthman alitaka nikae nyumbani mpaka arobaini ya mama iishe, nikamwambia nyumbani nitafanya nini, kuhesabu mabati? Akatoka. Kaka yangu akishindwa na neno hutoka nje kuangalia tangi la maji.

Ofisi iko vile vile. Vyumba viwili juu ya duka la mbolea hapa Thika mjini, kompyuta tatu, birika moja. Bwana Kagwe, mwenye ofisi, alinipa pole kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa makaburini, ambako alisimama mpaka mwisho ingawa hakuelewa hata neno moja la dua. Halafu akasema faili la Ruiru linaningoja. Selpha naye alinipa pole na chai, nikainywa.

Sisikii chochote. Watu wananiangalia usoni wakitafuta huzuni, na mimi nami naitafuta. Ni ganzi tu, kama mkono uliolaliwa usiku kucha.

Jumatano, 13 Machi

Niiandike kazi hii hapa nijue kama bado naielewa.

Kuna kiwanda kidogo cha chakula cha kuku huko Ruiru. Wanataka kompyuta iwapigie hesabu ya kuchanganya: mahindi kiasi gani, pumba kiasi gani, chumvi kiasi gani. Wana mtu wao wa kompyuta, anaitwa Dalmas, ambaye anaandika sehemu ile wafanyakazi watakayoiona kwenye skrini. Sisi tunampa cha ndani, faili moja lililofungwa ambalo programu yake italitumia kwa hesabu zote.

Faili hilo lina sehemu mbili. Ya juu ni orodha ya kazi ambazo Dalmas anaruhusiwa kuziita kwa jina. Ya chini ndiko kazi zenyewe zinakofanyika, na ndiko kuna kazi ndogo ndogo ambazo zile kubwa huziita zikitaka msaada. Hizi za chini Dalmas hazioni, na hata akibahatisha jina, hazimwitikii. Bwana Kagwe alikulia kwenye shamba kubwa la kahawa, kwa hivyo yeye husema walio juu ni maofisa na walio chini ni vibarua. Tumezoea mpaka tunawasema kama watu.

Pima, kwa mfano, ni ofisa. Ukimpa kilo za kitu anakwambia wachanganyaji wachote madebe mangapi, kwa sababu kule hakuna mtu wa kupima kilo, kila mtu ana debe. Lakini Pima mwenyewe hafanyi kitu. Anaangalia kilicholetwa, halafu anaita kibarua. Kama ni mahindi, pumba au mashudu, anamwita Debe. Kama ni chumvi au dawa, anamwita Gorogoro, maana chumvi huchotwa kwa mkebe wa kilo mbili. Debe hajui chumvi kabisa. Ukimpa, ataihesabu kana kwamba ni mahindi na hatauliza.

Bado naielewa. Kuielewa hakujanifurahisha.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua ya kwanza. Bati la ofisi linavuja juu ya mashine ya kuchapa. Tumeifunika kwa mfuko wa mbolea.

Jumatatu, 18 Machi

Debe na Gorogoro waliandikwa na Selpha, na Selpha ni kibarua kama wao. Hapa sifanyi fumbo. Alikuja miaka miwili iliyopita kupiga chapa kwa siku, na analipwa kwa siku mpaka leo. Pascal, lugha ya kuandikia programu, alijifunza kwa vitabu vyangu, saa ya chakula, akiwa na kiazi mkononi. Wakati mimi nilitaka kuchukua uzito wa mahindi kutoka kwenye kitabu, yeye alipanda ngazi zetu na debe tupu kichwani, akaomba mizani dukani chini, akapima kila kitu mara tatu tatu. Mahindi ya Ngoliba peke yake, ya sokoni peke yake. Mimi nilikuwa namcheka. Nilimwambia kompyuta haijali mahindi yametoka wapi, akasema kuku wanajali.

Leo jioni alibaki nyuma. Alisema Bwana Kagwe amemwahidi barua ya kuajiriwa, kazi ya Ruiru ikipokelewa. Barua ya kweli, yenye jina lake, ya mshahara wa mwezi. Isipokuwa Kagwe amesema atafuata maneno yangu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa kazi.

"Dada, utanisemea?"

Nikamwambia nitamsemea. Alinishukuru sana, zaidi ya ilivyostahili, nikaangalia dirishani mpaka akamaliza.

Alhamisi, 21 Machi

Nilitaka kumjaribu Debe peke yake, bila Pima kumsimamia. Akiwa chini siwezi kumwita kutoka nje, kwa hivyo nimempandisha kwenye orodha ya juu kwa muda. Nikimaliza nitamshusha.

Anafanya kazi sawasawa. Selpha hakosei.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua.

Jumanne, 26 Machi

Arobaini ya mama ni kesho. Wanawake wa Majengo wote wamejaa uani, wanachambua mchele na kusema habari za watu. Kila mmoja anasema mama alikuwa mtu wa watu. Ni kweli. Naitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari ya nchi nyingine.

Ijumaa, 29 Machi

Selpha alipita nyuma ya kiti changu na vikombe, akasimama.

"Dada, Debe bado yuko juu."

"Najua. Nitamshusha."

"Dalmas atamwona."

Nikasema kesho. Kesho ni Jumamosi. Hata yeye alijua.

Jumanne, 2 Aprili

Stima imepotea kutwa. Bwana Kagwe alinunua mahindi ya kuchoma ya watu watatu tukala gizani. Alisimulia jinsi nyapara wa shamba lao alivyokuwa akiwaita wachumaji wote "wewe" kwa miaka ishirini, na siku aliyostaafu wakamwandalia karamu, naye akatoa hotuba akiwashukuru "nyinyi." Alicheka mpaka machozi. Selpha alicheka pia. Ni mtu mzuri, Kagwe, na ndiyo sababu mtu anapata uvivu wa kumwambia jambo gumu.

Jumatano, 10 Aprili

Selpha tena, asubuhi, kabla hajavua koti la mvua. Debe bado yuko juu, akasema. Safari hii hakusema dada.

Nikamwambia naijua kazi yangu.

Ni dakika moja ile kazi. Unaufuta mstari mmoja kwenye orodha na basi. Nimekaa mbele ya huo mstari siku nyingi. Nauona, najua ni wa kufuta, na mkono hauendi. Vitu vingi viko hivyo siku hizi. Nguo za mama bado ziko kwenye sanduku lake, na Uthman ameniuliza mara mbili tutampa nani.

Ijumaa, 12 Aprili

Bwana Kagwe amepeleka disketi Ruiru mwenyewe, pamoja na orodha ya juu iliyochapwa vizuri. Kwenye jalada kuna majina mawili, lake na langu.

Kurasa nne. Debe yuko ukurasa wa tatu. Nilimwona wakati nabana karatasi, nikabana.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua kubwa. Barabara ya kwenda Theta imekatika, wanasema. Selpha alifika na matope mpaka magotini, akaosha miguu kwenye karo, akafanya kazi peku.

Jumatatu, 29 Aprili

Idi ilikuwa jana. Nilipika. Uthman alisema pilau imekosa chumvi, kisha akajutia kusema.

Ijumaa, 3 Mei

Ruiru wameanza kutumia programu. Dalmas alipiga simu kutushukuru. Selpha ameniuliza kama nimemsemea. Nilisema namngoja Kagwe apate nafasi. Kagwe alikuwa chumba cha pili akisoma gazeti.

Jumatano, 8 Mei

Hakuna kitu.

Jumanne, 14 Mei

Dalmas alipiga simu saa tatu asubuhi akamtaka Kagwe. Nilisikia upande mmoja tu. Kagwe alisema "ai", halafu akasema "wangapi?", halafu akawa anakuna meza kwa ukucha.

Wateja wa kile kiwanda wanarudi na magunia. Kuku wa mayai wamepunguza kutaga. Wanakunywa maji kutwa, kinyesi ni maji matupu, na vifaranga wanakufa. Mama mmoja wa Theta aliyeanza na vifaranga mia mbili amebaki na tisini na kitu. Daktari wa mifugo ameangalia chakula akasema ni chumvi. Imezidi kwa zaidi ya nusu ya ile inayotakiwa.

Nilijua hapo hapo, kabla Kagwe hajaweka simu chini. Dalmas alisoma orodha yetu, akaona jina Debe, akafurahi kwa sababu wafanyakazi wake wote wanajua debe. Akamwita Debe kwa kila kitu, na chumvi pia. Debe akahesabu chumvi kama mahindi. Debe la mahindi ni kilo kumi na tano, na debe la chumvi linakaribia ishirini na tano. Wakaambiwa wachote theluthi ya debe wakidhani ni kilo tano, kumbe wanachota nane.

Kagwe alikuja akasimama katikati ya chumba. Selpha alikuwa kwenye mashine ya kuchapa, mimi kwenye kompyuta.

"Wanasema ni hii kitu Debe ndiyo imeharibu. Nani aliandika Debe?"

Selpha akasema ni yeye.

Kagwe alimwuliza Debe anajua chumvi au hajui. Selpha akasema hajui, hakuandikwa kwa chumvi, Debe ni wa chini, anaitwa na Pima tu. Kagwe akasema yeye hataki hadithi ya juu na chini, anataka kujua ni kwa nini mtu aandike kitu kinachopewa chumvi kikajibu mahindi. Selpha akafungua mdomo. Kisha akaniangalia mimi.

Hakuninyooshea kidole. Alingoja tu. Nadhani alinipa muda wa kutosha, maana naikumbuka sauti ya lori likipakua mbolea chini, gunia moja, la pili, la tatu. Maneno yalikuwa mepesi. Mimi ndiye niliyemwacha juu, aliniambia mara mbili. Nilikuwa nayo kichwani yamejipanga, na nikawa nayaangalia kama ule mstari wa kufuta.

Kagwe akasema, bila kelele, kwamba basi, kesho asije. Akasema atamlipa wiki nzima. Selpha akafunika mashine kwa ule mfuko wa mbolea, akachukua koti lake na mkebe wake wa chakula. Mlangoni akasema, "Haya, mbaki salama." Tukaitikia wote wawili.

Habari ya barua ya Selpha imeishia hapo. Alikuwa ameingoja miaka miwili, na ilihitaji neno langu moja. Najua nimefanya jambo baya. Najua tu, kama mtu anavyojua kuwa leo ni Jumanne.

Jumatano, 15 Mei

Kagwe ameniambia niisafishe kazi na kuifunga upya. Nilimshusha Debe. Ilichukua dakika moja.

Nilipomaliza niliangalia orodha. Maofisa watano, wote nimewaandika mimi. Ukilisoma faili kwa nje huwezi kujua kulikuwa na mtu mwingine humu.

Alhamisi, 16 Mei

Hakuna mtu wa kutengeneza chai. Kagwe alijaribu, ikachemka ikamwagika.

Jumatatu, 20 Mei

Disketi mpya imefika Ruiru na Dalmas amepiga simu. Kagwe alikuwa benki, nikashika mimi.

Alisema programu yake inakataa kwenda. Inamtafuta Debe na haimpati. Nikamweleza kwamba Debe hayupo tena kwenye orodha, amwite Pima, Pima ndiye anajua kitu gani kinapelekwa wapi. Niliwasikia watu wakipiga mluzi nyuma yake na mashine ya kusaga ikinguruma.

"Kwa hivyo huyu Debe hakutakiwa kuonekana na mimi?"

"Hapana."

"Sasa madam, kwa nini alikuwa kwa list?"

Nikasema ni makosa ya uchapaji. Alisema sawa, polepole, kama mtu anayeweka kitu mfukoni.

Baada ya simu nilirudia kichwani nilichomwambia. Uchapaji ilikuwa kazi ya Selpha. Sikukusudia hivyo. Au nilikusudia, sijui, mdomo ulitafuta njia fupi ukaipata.

Alhamisi, 23 Mei

Mvua inapungua. Asubuhi kuna ukungu na baridi. Kagwe amepita mara mbili akisimama nyuma ya kiti changu bila sababu. Nadhani naye anamkosa, lakini hatutamtaja.

Ijumaa, 24 Mei

Dalmas amepiga simu tena, na safari hii alinitaka mimi.

Amemwita Pima, kila kitu kimekaa sawa. Lakini kabla ya hapo, kwa kuwa aliona karibu afukuzwe, alichukua namba zote ambazo Debe alimpa tangu waanze akazilinganisha na mizani ya kiwanda. Mahindi, pumba, mashudu ya alizeti, yote. Alisema hajawahi kuona hesabu ya debe inayokubaliana na mizani namna ile. Yeye mwenyewe angechukua ya kitabu. Kiwanda sasa kinataka kuanza chakula cha nguruwe na cha ng'ombe, kuna vitu kama kumi na saba vya kupimwa, na meneja wake amekubali waajiri mtu wa kazi hiyo. Barua ya mwezi. Akauliza ni mimi niliyemwandika Debe.

Ningesema ndiyo na hakuna ambaye angejua.

"Si mimi. Ni Selpha."

"Selpha nani?"

Nikakuta jina lake la pili silijui. Nimekaa na huyu mtu chumba kimoja miaka miwili. Najua hali sukari. Najua anaweka viatu vikavu kwenye droo ya chini. Nikamwambia Dalmas angoje, nikaenda kwenye daftari la malipo. Kwenye kila ukurasa, mwezi baada ya mwezi, kuna jina la Kagwe, jina langu, na chini yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, "kibarua."

Nilirudi kwenye simu nikamwambia nitamtafuta.

Jumatatu, 27 Mei

Nimemwuliza Kagwe jina lote la Selpha. Alifikiri kweli, kalamu ikiwa mdomoni. "Si yule mama wa Witeithie?" akasema. Halafu akaona haya, akasema atajaribu kukumbuka.

Jumamosi, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka, ofisi zimefungwa. Nimeenda Witeithie.

Nilishuka barabarani nikaanza kuuliza kwenye maduka. Selpha gani? wananiuliza. Kuna Selpha wa mboga, kuna Selpha wa kanisani, kuna Selpha aliyeolewa na fundi wa redio. Nikasema wa kompyuta. Hakuna anayemjua wa kompyuta. Nikasema mama mmoja anayependa kupima vitu, na muuza nafaka akacheka, akasema, ah, yule aliyenisumbua na debe langu. Akanionyesha ploti yake ya vyumba vya kupanga.

Alikuwa anafua nje ya mlango wake, chumba cha nne kwenye mstari. Hakushtuka. Alipangusa mikono, akanipa kigoda, akaingia ndani akatoka na chai bila kuniuliza. Tuliulizana habari za nyumbani. Anafua nguo za watu siku hizi, na Jumanne na Ijumaa anasafisha duka la dawa. Akaniuliza arobaini ya mama ilikwenda vipi, nikasema salama.

Nilimweleza habari za Dalmas. Kazi, vitu kumi na saba, mizani ya kweli, barua. Alisikiliza mpaka mwisho huku akikamua shati. Nilidhani atafurahi.

"Watauliza kwa nini nilitoka kwenu," alisema. "Nitajibu nini? Kwao mimi ndiye niliua kuku."

Nikasema nitaongea na Dalmas.

"Kama vile ulikuwa uongee na Kagwe?"

Alisema bila hasira, na hilo ndilo liliniweka mahali pabaya. Nilianza kumwambia habari za mama, kwamba tangu Februari sisikii kitu, kwamba naona mambo na mkono hauendi. Alinisikiliza hilo pia. Alisema anajua, aliniona. Alikuwa akinitengenezea chai kila siku akiniona. Alisema alizika watoto wawili huko Bungoma na hakumwambia mtu yeyote pale ofisini kwa sababu hakuna aliyemwuliza, na vidole vilikuwa vinapiga chapa tu.

"Andika," akasema. "Kusema utasema tu."

Akamwomba jirani karatasi ya daftari na kalamu. Niliandikia juu ya ndoo iliyopinduliwa. Niliandika kwamba mimi, Mwanarusi, ndiye niliyempandisha Debe kwenye orodha tarehe 21 Machi kwa kumjaribu. Kwamba aliyemwandika alinikumbusha nimshushe tarehe 29 Machi na tena tarehe 10 Aprili, nikapuuza. Kwamba Debe hana kosa na hakuwahi kuwa nalo. Kwamba aliyemwandika aliondolewa kazini tarehe 14 Mei kwa kosa langu, nami nilikuwepo na sikusema. Kwamba anaitwa Selpha. Hapo nikasimama.

Alingoja kwanza. Kisha akanitajia moja moja, kama unavyomtajia karani: Selpha Nasambu Wekesa.

Akaniambia niandike nakala ya pili, nikamwuliza ni ya nani. Alinipa tu karatasi nyingine. Nikaandika tena yote, na juu nikaweka jina la Kagwe.

Jumatatu, 3 Juni

Niliiweka karatasi mezani kwa Kagwe kabla hajavua kofia. Aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena.

Aliniuliza kama nimepeleka nyingine Ruiru. Nikasema iko kwa Selpha. Akasema ningemwambia yeye kwanza, tungepata njia ya kuzungumza, sasa wateja wataona ofisi yake haina macho. Yote ni kweli. Nikamwambia kama kibarua changu kimeota nyasi aniambie tu, nitaelewa.

"Nikikufukuza," akasema, "nani atajua kile kiko ndani ya hiyo faili?"

Kwa hivyo nimebaki. Selpha ambaye hakukosa aliondolewa siku moja, na mimi sifukuziki kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki wa kulifungua faili. Kagwe ananisalimu asubuhi na kuniaga jioni. Mahindi ya kuchoma anakula chumbani kwake.

Jumanne, 11 Juni

Baridi. Tumegawa nguo za mama. Uthman alibeba sanduku, mimi nikabeba viatu.

Jumatatu, 17 Juni

Saa nne simu ililia, nikashika.

"Habari ya asubuhi, madam. Hapa ni Selpha Nasambu Wekesa, kutoka Ruiru."

Nikasema Selpha, habari yako, nimefurahi kukusikia. Alisema nzuri. Nyuma yake niliisikia ile mashine ya kusaga. Alisema wamepima vitu tisa kati ya kumi na saba, na kuna tatizo la molasi, kwa sababu molasi ya asubuhi na ya mchana hazijai debe sawasawa. Angependa Pima aongezewe njia ya kuuliza ni molasi ya saa ngapi. Namba atatuma kwa barua, na tukimaliza angependa kuiona orodha ya juu kabla disketi haijafungwa, mstari kwa mstari, kama sitajali.

Nikasema sitajali. Nikamwuliza habari za Witeithie, kama alihama, na barua alipewa lini. Alisema yuko sawa, madam, barua anayo. Akauliza molasi itachukua siku ngapi. Nikasema nne. Nilimsikia akiandika.

"Asante, madam. Siku njema."

Niliweka simu chini. Alikuwa ananiita dada, miaka yote miwili, na hata siku ile ya ndoo ya kufulia nilitazamia aniite hivyo, wala sikugundua kama aliniita au hapana. Leo sikulisikia neno hilo, na kesho pia sitalisikia. Nilikaa pale na Kagwe akapita akaniuliza ni nani, nikamwambia ni mteja wa Ruiru.

Imeniuma. Iliniuma saa nne, na sasa ni jioni na bado inauma.